Kiwanja cha kwanza Dar: kwanza tuelewane unauziwa nini

Kila tukikaa vijana, stori ikishafika kwenye hela lazima mmoja aseme yeye anataka aingie kwenye ardhi. Ukimuuliza ardhi ipi anatoa simu anakuonyesha picha aliyotumiwa na dalali WhatsApp, nyasi, mnazi mmoja, na chini imeandikwa Chanika, milioni tatu na nusu, maongezi yapo, umeme nguzo ya tatu. Hiyo ndio taarifa yote aliyonayo na hela yuko tayari kuitoa Ijumaa. Simcheki, maana na mimi 2017 nikiwa na miaka 24 nilianza hivyo hivyo na yaliyonikuta nitayasema hapo chini, ila kuna jambo inabidi likae sawa kwanza na hakuna dalali atakayekuambia. Tanzania hununui ardhi.

Iko hivi. Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndio mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachouziwa wewe ni haki ya kuitumia kwa muda fulani na kwa masharti fulani. Ndio maana hata mwenye hati kamili ameandikiwa miaka, 33, 66 au 99, na kila mwaka analipa kodi ya pango la ardhi, yaani kiwanja ni chako ila pango unalipa. Na masharti yapo, la kuendeleza kwa mfano, mara nyingi unapewa miezi 36 uwe umejenga, na matumizi yameandikwa mule mule, kama ni makazi ni makazi, ukitaka kupiga fremu za maduka mbele inabidi uombe kubadilisha matumizi. Watu wengi wananunua leo wanasema nitakiacha miaka kumi kipande bei, hawajui kwamba kwenye karatasi kiwanja kisichoendelezwa na kisicholipiwa pango kinaweza kufutiwa umiliki. (Naongelea bara hapa, Zanzibar wana sheria yao wenyewe ya 1992 na mambo yake ni mengine kabisa.)

Sasa ukishaelewa kwamba unanunua haki na sio udongo, swali linabadilika. Haliwi tena "kiwanja kizuri?" linakuwa "huyu jamaa ana haki gani mkononi ya kunihamishia mimi?" na hapo ndio unakuta viwanja viwili vimepakana, nyasi zile zile, kimoja milioni 5 kingine milioni 12, unadhani wa pili ni tapeli kumbe wanauza vitu viwili tofauti.

Wa milioni 12 inawezekana ana hati miliki, ina namba ya kiwanja na kitalu, ipo kwenye daftari la Msajili wa Hati, benki wanaitambua. Au ana ofa, ile barua ya toleo ambayo ilikuwa inatangulia hati, wazee wengi wanayo imekunjwa kwenye bahasha ya kaki na hawakuwahi kuifuatilia iwe hati, sio karatasi mbaya ila kazi ya kumalizia itakuwa yako. Wa milioni 5 ana karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na mhuri wa mwenyekiti, na majina ya mashahidi. Hiyo karatasi inaonyesha tu kwamba mlipatana mbele ya watu, haikufanyi umilikishwe. Siidharau, nusu ya Dar imejengwa kwa karatasi hizo na mkifika baraza la ardhi inasaidia kama ushahidi, lakini mhuri wa mtaa haujawahi kugeuka hati. Na ile asilimia kumi unayoambiwa uache ofisini pale "ni utaratibu", ni mazoea, kwenye Sheria ya Ardhi haipo.

Katikati hapo kuna leseni ya makazi, hii inatolewa mijini kwa watu waliojenga sehemu ambazo hazijapangwa, muda wake mfupi, haizidi miaka mitano halafu unahuisha. Na ukivuka mpaka wa jiji ukaenda zako Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo ndani ndani huko, unaingia kwenye ardhi ya kijiji, sheria nyingine kabisa, namba 5 ya 1999, na wenye kauli pale ni halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, karatasi yake ni hati ya kimila. Vijana wa mjini wanapigwa sana hapa kwa sababu wanaenda na mentaliti ya mtaa, wanampa mtu mmoja hela, wanaandikishiana kwa mtendaji, wanaondoka na ekari tano, halafu kijiji kinauliza huyu ni nani na alipitishwa na kikao gani.

Haya, stori yangu.

Nilinunua Chanika kwa mzee mmoja, kiwanja hakijapimwa, ishirini kwa ishirini, milioni tatu. Sasa ishirini gani? Hatua. Mzee alisimama kwenye mti wa mwembe akaanza kutembea anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mimi nyuma yake na dalali na kijana wa serikali ya mtaa ameshika daftari, alipofika ishirini akachomeka kijiti akageuka kushoto. Mzee mfupi, na amechoka, na jua la saa saba lile. Mimi kichwani nilikuwa nahesabu mita. Miaka miwili baadaye nimeenda na fundi tunataka kukadiria msingi, akatoa futi kamba akapima, mita 16 na nusu kwa 17. Yaani nilidhani nina mita za mraba 400 nina 280 na kidogo, karibu theluthi ya kiwanja ilibaki kwenye miguu ya yule mzee. Kosa sio lake, hakuna mahali aliposema mita. Toka siku hiyo mtu akiniambia ishirini kwa ishirini naenda na futi kamba yangu mwenyewe kwenye begi, elfu ishirini na kitu hardware, na kipimo kinaandikwa kwenye mkataba kwa mita na majirani wa pande zote nne wanasimama kwenye mipaka wanaonyesha kwa mikono yao na wanasaini.

La pili lilikuwa baya zaidi. Nimeanza kumwaga mawe akaja mama mmoja ametoka Tanga, anaongea kwa heshima kabisa, "mwanangu, hiki kiwanja ni cha marehemu baba yetu na sisi tuko sita, wewe umenunua kwa nani?" Kumbe yule mzee aliyeniuzia hakuwa ameuza cha kwake, aliuza cha urithi, na mirathi haikuwahi kufunguliwa mahakamani. Ardhi ya marehemu anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi, na usimamizi ni barua ya mahakama, haijalishi ni mtoto mkubwa au ndio aliyebaki akilima pale miaka yote. Ilibidi wakafungue mirathi, wakamteua yule mama, tukaandikishana upya na mimi nikaongeza laki nane. Nilikuwa na bahati sana, wangeweza kukataa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi kwa muuzaji sio bei, ni wewe ulikipataje? Namuacha aongee. Akisema nilinunua naomba karatasi aliyonunulia yeye. Akisema nilipewa na baba nauliza baba yuko hai? Akiwa hai nataka nimwone. Akisema ni cha kwangu nauliza shemeji yuko wapi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja auze nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na hiyo ridhaa iwe ya maandishi na picha, sio "wife anajua". Dalali atakuambia unachelewesha, kuna mtu mwingine anakuja na hela jioni. Huyo mtu wa jioni mimi nimeambiwa habari zake miaka saba sijawahi kumwona.

Madalali nao wanahitaji ufafanuzi kidogo. Sio watu wabaya, wengine ndio wanaojua mtaa kuliko ofisi, lakini wanakula sehemu nyingi, kuna hela ya kukuonyesha, kuna ya muuzaji, na kuna cha juu, yaani mzee kasema milioni 4 wewe unaambiwa 6 na mzee kaonywa asitaje bei mbele yako. Dawa yake ni kurudi peke yako siku ya pili, bila dalali, umevaa kandambili kama mtu wa pale pale, ukae dukani ununue soda uulize muuza duka hiki kiwanja cha nani. Dakika kumi za soda zilinisaidia kiwanja cha pili kuliko kitu chochote, nilijua kina kesi.

Kama kina hati kazi ni nyepesi zaidi, unachukua namba ya kiwanja na kitalu unaenda ofisi ya ardhi ya mkoa unaomba upekuzi rasmi, watu wanaita tu kufanya search, unaambiwa jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Ada yake ni ndogo, ukilinganisha na unachotaka kulipa ni ya kuchekesha, na bado watu wanairuka! Hati ya karatasi inaweza kuwa halisi kabisa mkononi mwa muuzaji na huku kwenye daftari ina mkopo. Baada ya hapo mkataba kwa wakili, mthamini, fomu za uhamisho (namba 29, 30 na 35 ndio utazisikia), muuzaji analipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia kumi ya faida aliyopata, na kuna ushuru wa stempu asilimia moja. Angalia hapo kwenye kodi ya muuzaji, wengi hawataki kuilipa wanakusukumia wewe, au wanakuomba mwandike bei ndogo kwenye mkataba. Usikubali hiyo ya bei ndogo, siku na wewe unauza faida yako itahesabiwa kuanzia kwenye kale kabei kadogo.

Halafu kuna wale wanaouza viwanja kwa awamu, lipa kidogo kidogo miezi 12 bila riba, matangazo kila kona. Kwa kijana mwenye mshahara wa kawaida ni njia ya kweli, mimi nawajua watu wamepata hati zao humo. Ila neno "vilivyopimwa" limechezewa sana. Kupima sio kupita na kamba na kuchomeka vijiti vyenye namba. Kiwanja kimepimwa kama kuna mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa na ramani ya upimaji imeidhinishwa wizarani na mawe ya mipaka, hizo bikoni, yamewekwa kwa mujibu wa hiyo ramani. Waombe uone ramani, uone namba ya kiwanja chako ipo, na uulize shamba lenyewe mlilokata limeshalipiwa lote? Kuna kampuni inauza shamba ambalo na yenyewe bado inamlipa mkulima kidogo kidogo, kwa hela zako. Na mkataba useme ukishindwa mwezi mmoja au miwili inakuwaje, soma hicho kipengele kabla ya vingine vyote.

Tuje kwenye wapi. Hapa kila mtu ana stori ya mtu aliyenunua Kigamboni kabla ya daraja, na kweli lile daraja lilifunguliwa Aprili 2016 na mambo yakabadilika, lakini hao hao hawakuambii habari ya miaka iliyotangulia, pale serikali ilipotangaza mji mpya wa Kigamboni mwaka 2008 hivi na watu wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao, mtu ana kiwanja, ana hela, hawezi kujenga, anasubiri fidia haiji, miaka inakatika mpaka eneo la mradi likaja kupunguzwa. Au Kimara, 2017, nyumba za maana kabisa, za ghorofa, zilivunjwa kwa sababu hifadhi ya barabara ya Morogoro sehemu ile inahesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara kila upande. Waliojenga pale wengine waliishi miongo. Barabara ndio inapandisha bei na barabara hiyo hiyo ndio inakuja kukuondoa, kwa hiyo kiwanja cha barabarani kabisa mimi nakiogopa kuliko cha mtaa wa tatu. Mito nayo, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe, na bonde la Msimbazi nyumba za watu zimepakwa X nyekundu ya kubomolewa mara ngapi. Nenda kaangalie kiwanja mwezi wa nne mvua za masika zikiwa zimekolea, usiende Januari.

Siku hizi wimbo ni treni. Kila kitu kipo karibu na stesheni ya SGR, Pugu, Soga, Ruvu. Treni ya Dar mpaka Morogoro imeanza kubeba abiria Juni 2024 na sikatai maeneo hayo yatachangamka, lakini "karibu" ya dalali ni bodaboda elfu tano.

Sasa hela, na hapa ndio nadhani vijana tunadanganyana zaidi, kwa sababu tunaangalia video za Wamarekani. Yule jamaa wa kwenye video anakuambia tumia hela ya benki, nunua nyumba, mpangaji akulipie mkopo. Kwao inaweza kufanya kazi, mkopo ni wa miaka 30 na riba miaka hii iko kwenye asilimia 6 au 7. Chukua hesabu hiyo uilete kwetu. Tuseme umepata mkopo wa nyumba wa milioni 50, riba asilimia 15, miaka 15. Marejesho yanakuja karibu laki saba kwa mwezi, mpaka unamaliza umelipa kama milioni 126. Nyumba ya milioni 50 pembeni ya mji utaipangisha laki tatu, ukipata laki tatu na nusu shukuru. Kwa hiyo mpangaji analipa nusu ya rejesho, nusu nyingine ni mshahara wako, miaka 15. Ndio maana watu wetu wanajenga kidogo kidogo, tofali mwezi huu, saruji mwezi ule. Mtu wa nje anaona mapagale anadhani ni uzembe kumbe watu wamepiga hesabu.

Na hata ukijenga kwa hela yako mwenyewe, piga hesabu. Kiwanja milioni 8, umejenga vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja na choo chake, umetumia milioni 24, jumla 32. Kila chumba elfu 70, ni laki mbili na themanini kwa mwezi, kwa mwaka milioni 3 na laki 3 na 60. Tamu. Toa mwezi mmoja wa kila chumba kukaa wazi, maana watu wanahama, imebaki 3,080,000. Toa kodi ya serikali kwenye mapato ya kupangisha, asilimia kumi (sio lile pango la ardhi), imebaki 2,772,000. Toa gari la kunyonya choo, rangi, koki, bati lililotoboka, laki nne haraka haraka. Una kama milioni 2 na laki 3 na 70, gawanya kwa 32, ni asilimia 7 na kidogo. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, za miaka 20 na 25, hata 2022 zilipopunguzwa riba, zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 12 na hakuna mpangaji anayekupigia saa nne usiku maji yamekata.

Sisemi usijenge! Mimi mwenyewe najenga. Nasema kodi ya vyumba peke yake sio utajiri, anayepata kwenye ardhi anapata kwa sababu kiwanja kimepanda thamani, na kiwanja kinapanda kwa vitu ambavyo wewe hutengenezi, lami, maji ya DAWASA, shule, na kwa kitu kimoja ambacho unaweza kukitengeneza, karatasi. Ukinunua kiwanja cha karatasi ya mtaa kwa milioni 5, ukavumilia urasimishaji ukapita, yaani ule mpango wa kupima na kumilikisha mitaa iliyojengwa bila kupangwa, kikapimwa, ukalipia ukapata hati, umehamia kwenye lile kundi la milioni 12 bila kubeba tofali. Ni polepole, ni foleni, ni njoo kesho, na wakati wa kupima mtakubaliana na majirani kukata barabara na hakuna anayelipwa fidia kwa kipande chake, lakini hiyo kazi kijana asiye na mtaji anaiweza, anachohitaji ni nauli na kutochoka.

Na kama una laki mbili mbili tu kwa mwezi usijilazimishe kukopa kwenye simu ili ulipie kiwanja. Weka kwenye mifuko ya UTT, ile ya uwekezaji wa pamoja, inaingiza kitu na unaitoa ukihitaji, huku unaendelea kwenda site kuangalia, kupima, kuuliza. Kuchangishana na marafiki watatu nako kunawezekana ila iandikwe kwa wakili kila mtu hisa yake ni kiasi gani na mmoja akitaka kutoka au akifariki sehemu yake inakwenda kwa nani, kwa sababu kiwanja kikiwa cha milioni 4 mnapendana, kikifika 30 mnaanza kuitana kwa majina yote mawili.

Kile cha Chanika bado ninacho. Mpimaji wa urasimishaji amepita mwaka jana, mita mbili za upande wa mwembe zimeingia kwenye barabara, kwa hiyo zile 280 zimepungua tena, na mwembe wenyewe umekatwa. Nilitaka vyumba vinne nimeweka viwili, tumesimama kwenye renta, fundi anataka mbao na bati. Yule mama wa Tanga anapita kila akija Dar, anakaa kwenye tofali ananiuliza, sasa mwanangu, utapaua lini?